Msipige kelele mikono mitupu: hotuba kwa vijana wanaoanzisha kituo cha haki za binadamu chuoni

Habari zenu wote. Walimu wangu, wanachuo, na nyie wenzangu mliotoka kwenye mashirika mkaacha kazi zenu kuja kukaa humu, asanteni sana. Nimeombwa nizungumze kuhusu hiki kituo mnachokianzisha, cha kutetea haki za binadamu kwa utafiti na kwa harakati, nimepewa nusu saa na nitajitahidi nisizidishe.

Nilivyosikia mpo katikati ya mabishano, na nimefurahi mnabishana. Kuna upande unasema chuo kazi yake kutafiti na kuandika, mambo ya mabango na maandamano waachiwe wanaharakati, maana mtafiti akishaonekana ana upande basi hata matokeo yake watu hawayaamini tena. Upande wa pili unasema watu wanaumia sasa hivi, wanapigwa, wanapotezwa, wananyang'anywa ardhi zao, halafu nyie mmekaa mnajadili ukubwa wa sampuli. Nawaelewa wote kabisa. Ila naomba niseme msimamo wangu mapema ili mjue nakokwenda: hii ni kazi moja, na anayeigawa mafungu mawili anamrahisishia maisha mtesaji. Mwanaharakati asiye na ushahidi ataitwa mzushi na kesho watu watakuwa wameshasahau. Mtafiti asiye na mdomo ripoti yake italala kabatini na haitamnyima mtu usingizi. Wanachokiogopa wale wakubwa ni hao wawili wakae meza moja, na yule aliyeumizwa awe amekaa hapo hapo mezani akiongea mwenyewe.

Nianze na kesi ya wazee wa Mau Mau, maana nadhani wengi mmeisikia ila mmeisikia nusu.

Mwaka 2009 wazee watano kutoka Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza kwa mateso waliyofanyiwa kwenye kambi za kizuizini miaka ya 1950. Kuna waliohasiwa. Kuna mama aliyedhalilishwa kwa namna ambayo siwezi kuitamka humu. Kuna aliyepigwa pale kambi ya Hola mwaka 1959 siku ambayo wenzake 11 waliuawa kwa marungu, yeye akapona. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika la kiraia, ilishakaa na wazee hawa miaka kadhaa kabla, ikiwahoji mmoja mmoja, ikichukua maelezo, ikitafuta mawakili. Serikali ya Uingereza ikaja na majibu yake: kwanza, madeni yote ya mkoloni yalihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, kwa hiyo nendeni mkadai huko, pili, miaka imepita mingi mno, mashahidi wamekufa, kesi haiwezi kusikilizwa kwa haki.

Sasa hapo ndo wanahistoria wakaingia. David Anderson, Caroline Elkins, Huw Bennett, watu wa vyuo vikuu waliokuwa wameshakaa miaka na miaka kwenye vyumba vya nyaraka wakisoma karatasi ambazo hakuna mtu alikuwa na haja nazo. Anderson kwenye maelezo yake kwa mahakama akasema kitu kimoja ambacho mtu wa kawaida asingeweza kukisema: kuna nyaraka zinakosekana. Alijua kwa sababu alikuwa ameona kumbukumbu za kusafirishwa kwa nyaraka hizo, faili kama 1,500 kwenye maboksi kama 300 yaliyotolewa Kenya kabla ya uhuru, na hayakuonekana popote kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza. Yako wapi? Swali dogo tu. Mahakama ikaliuliza serikali, na mwanzoni mwa 2011 Wizara ya Mambo ya Nje ikakubali kwamba ndiyo, yapo, yamehifadhiwa kwenye jengo la serikali pale Hanslope Park, na si ya Kenya peke yake, kuna faili kama 8,800 za makoloni 37. Hebu fikirini, nusu karne yamekaa pale.

Kati ya nyaraka zilizozungumzwa sana wakati wa kesi hiyo ni barua ya mwaka 1957, mwanasheria mkuu wa koloni anamwandikia gavana kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Mwanasheria mkuu huyo! Yaani hakuna bango lolote duniani lenye nguvu kama mstari huo mmoja ulioandikwa na mkono wao wenyewe.

Oktoba 2012 jaji akaamua kesi inaweza kusikilizwa pamoja na miaka yote iliyopita, na sababu yake kubwa ilikuwa kwamba nyaraka zilizopo ni nyingi na nzuri, ukweli unaweza kujulikana. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague akasimama bungeni akasema serikali yake inajutia yaliyotendeka, na ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa madai ya wazee 5,228. Mmoja wa wale watano wa mwanzo, mama mmoja, alishafariki kabla hajaona siku hiyo. Hilo mimi huwa linaniumiza kila nikilisimulia.

Sasa niambieni, nani alishinda ile kesi? Wanahistoria peke yao wasingeshinda, vitabu vyao vilitoka miaka kabla na hakuna aliyelipwa hata senti. Shirika peke yake lisingeshinda, maana serikali ingesema hayo ni maneno matupu. Na wazee wasingekubali kusimama mbele ya wageni wakasimulia aibu waliyoificha hata kwa watoto wao, hizo faili mpaka leo zingekuwa Hanslope. Toa mmoja tu, yote yanabomoka. Na nisiwadanganye kwamba ukishakuwa na ushahidi mambo yanakunyookea siku zote, maana baadaye walikuja wadai wengine zaidi ya 40,000 na kesi yao ikatupwa mwaka 2018, mahakama ikaona muda umepita mno. Kwa hiyo muda nao ni adui. Ushahidi unaoweza kuchukuliwa mwaka huu uchukueni mwaka huu, msimwachie mjukuu wenu aje kuutafuta kwenye maboksi ya watu.

Na vituo kama chenu si kitu kipya, wala msikubali mtu awaambie mmeleta mambo ya kigeni chuoni. Pale Chuo Kikuu cha Pretoria walianzisha kituo chao cha haki za binadamu mwaka 1986, ubaguzi wa rangi ukiwa bado umetamalaki na nchi ikiwa kwenye hali ya hatari, na mwaka 1992 wakaanza yale mashindano ya wanasheria wanafunzi wa Afrika nzima kubishana kesi za haki za binadamu kana kwamba wako mahakamani, na yanaendelea mpaka leo. Mwaka huo huo wa 1986 ndio Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulianza kufanya kazi. Mkataba bila watu wa kuusoma, kuufundisha na kuupeleka mahakamani ni karatasi tu, na hao watu wanatoka wapi kama si kwenye madarasa haya haya.

Naomba sasa nigeukie watu wa takwimu, maana nimeona kwenye orodha yenu karibu wote ni wanasheria na watu wa siasa, na hilo si sawa, kituo cha haki za binadamu kisicho na mtu wa hesabu kitachechemea tu.

Chukua Peru. Baada ya vita vya miaka 20 kati ya serikali na waasi, tume ya ukweli ilifanya kazi kuanzia 2001 hadi 2003, na swali la kwanza la kila mtu lilikuwa waliokufa ni wangapi. Tume ilikuwa na majina kama 24,000 ya waliokufa au kupotea. Lakini vijiji vile vya milimani watu wengi waliuawa na hakuna aliyebaki wa kuja kuandikisha jina. Utawahesabu vipi ambao hakuna aliyewaandika? Walichofanya ni kuchukua orodha zilizotengenezwa na watu tofauti, ya tume, ya ofisi ya mtetezi wa wananchi, za mashirika, kila moja imekusanywa kivyake, halafu wakaangalia majina yanagongana mara ngapi. Fikiria hivi: kama mimi na wewe tumekwenda kuandika majina ya marehemu wa wilaya moja bila kuonana, halafu orodha zetu zinafanana karibu zote, basi huenda tumewamaliza. Ila kama orodha yangu ina watu mia, yako ina mia, na tunaofanana ni watano tu, maana yake huko nje kuna wengi sana ambao hatujawafikia. Kuna hesabu kamili ya kukadiria ni wengi kiasi gani. Wakaifanya, wakapata makadirio ya 69,280. Zaidi ya mara mbili ya namba zilizokuwa zinatajwa nchini humo kabla. Na kati ya wale walioorodheshwa, watu watatu kwa kila wanne lugha yao ya mama ilikuwa Kikechua au lugha nyingine ya wenyeji. Yaani wakulima maskini walikuwa wanakufa kwa makumi ya maelfu na mji mkuu haujui, au haukutaka kujua.

Na tena sikilizeni hili, mwaka 2019 mtafiti mwingine akatoa hesabu yake akasema ile ya tume imezidi, yeye akapata kama 48,000, na waliofanya hesabu ya kwanza wakamjibu, wakabishana kwa data. Mimi naona huo ndio uzuri wenyewe. Namba iliyowekwa wazi pamoja na njia iliyotumika inaweza kupingwa na mtu yeyote mwenye kalamu, na hata ile ndogo bado ni kubwa mno kuliko iliyoaminiwa zamani. Mkija kutoa namba zenu siku moja toeni na njia mliyopita, na mkishikwa na kosa kubalini mbele za watu. Mwanaharakati anayetia chumvi kwenye namba, hata kama nia yake njema, anawauza wahanga wote, kwa sababu siku ile namba moja ikibainika si kweli, basi hata yule mama aliyesema kweli tupu ataambiwa naye muongo.

Guatemala nitaipitia haraka. Mwaka 2005 maofisa waliokwenda kukagua eneo la polisi ndani ya mji mkuu wakakuta majengo yamejaa karatasi kuukuu hadi darini, kumbukumbu za polisi, kurasa kama milioni 80, nyingine zimeoza, nyingine zimejaa panya na popo. Vijana kwa wazee wakavaa barakoa na glavu wakaanza kusafisha karatasi moja moja. Kusoma zote isingewezekana, kwa hiyo wataalamu wa takwimu wakatengeneza njia ya kuchagua sampuli ili waelewe karatasi zilikuwa zinatoka ofisi gani kwenda ofisi gani, nani anaamuru na nani anaripoti. Kwa nyaraka hizo, mwezi Oktoba 2010 polisi wawili wa zamani walihukumiwa miaka 40 kila mmoja kwa kumpoteza Edgar Fernando García, mwanafunzi wa chuo kikuu na mwanachama wa chama cha wafanyakazi aliyekamatwa Februari 1984. Mke wake alikuwa ameshazunguka ofisi zote na kuanzisha na wenzake umoja wa familia za waliopotezwa. Miaka 26 wanaulizia mtu mmoja. Na mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kikaweka mamilioni ya kurasa hizo kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kufungua akatafuta jina la ndugu yake, na nakala zikiwa nchi nyingine hakuna mtu wa kuja kuzichoma moto usiku. Hiyo kazi ya kutunza nakala inaonekana ya kuchosha, haina makofi, lakini ni kazi ambayo chuo kinaiweza kuliko shirika dogo linalolipa kodi ya ofisi kwa shida.

Haya, tuje kwenye simu zenu, maana najua vijana wengi humu mnaona harakati ni video. Na ni kweli, video imebadilisha kila kitu. Ila video peke yake inakanushwa kwa sentensi moja: hiyo si kwetu, hiyo ni ya kutengeneza.

Julai 2018 ilisambaa video ya askari wanawaongoza wanawake wawili na watoto wao wadogo, mmoja mtoto kabisa amebebwa mgongoni, wakawafunga macho, wakawapiga risasi. Watu wakasema ni Kamerun. Serikali ya Kamerun ikasema ni habari ya uongo. Hapo wengi wetu tungefanya nini? Tungeposti tena kwa hasira na hashtegi. Waandishi wa BBC Africa Eye, kipindi cha habari za uchunguzi, wakishirikiana na wachambuzi wa kujitolea waliisimamisha ile video picha kwa picha. Nyuma ya wale askari mwanzoni kabisa kuna mstari wa milima unaonekana kwa mbali. Wakaanza kulinganisha umbo la ule mgongo wa mlima na picha za satelaiti na ramani za miinuko, mpaka wakapata mahali panapolingana, karibu na kijiji cha Zelevet kaskazini mwa Kamerun, mpakani na Nigeria. Wakatafuta nyumba, miti, vijia, kimoja kimoja, vikakaa. Lini? Wakaangalia kijia kinachoonekana kiangazi tu, wakaangalia jengo ambalo kwenye picha za satelaiti lipo tarehe fulani na baadaye halipo, wakaangalia vivuli vya wale askari ardhini, maana kivuli kinakwambia jua liko wapi, wakabana muda mpaka ukawa kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Wakaja kwenye silaha, sare, majina yaliyotamkwa kwenye video. Shirika la haki za binadamu la Amnesty International nao walichambua kivyao wakafika huko huko. Serikali iliyosema ni uongo mwezi Julai, Agosti ikatangaza imekamata askari saba, na Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ikawahukumu wanne miaka 10 na mmoja miaka miwili.

Kilichohitajika pale kikubwa kilikuwa kompyuta, picha za satelaiti ambazo nyingi ziko wazi kwa kila mtu, na watu wenye subira ya kuangalia mlima mmoja siku baada ya siku. Hiyo mnaiweza. Amnesty tangu 2016 wamekuwa wakifanya uhakiki wa aina hii na wanafunzi wa vyuo, Berkeley, Essex, Pretoria na vingine. Na mwaka 2020 kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa walitoa mwongozo unaoitwa Itifaki ya Berkeley, unaoeleza namna ya kukusanya ushahidi wa mtandaoni ukasimama mahakamani. Naomba kila anayejiunga na kituo ausome kabla hajagusa kitu. Mambo yake ni ya kawaida sana lakini watu hawayafanyi: hifadhi faili la asili kama lilivyo usilikate wala kuliongezea maandishi, andika umelitoa wapi na saa ngapi, na toa ile alama ndefu ya herufi na tarakimu ambayo kompyuta inaitengeneza kutokana na faili, kwa sababu mtu akibadilisha hata nukta moja ya picha ile alama inakuwa nyingine kabisa, kwa hiyo miaka kumi baadaye unaweza kuthibitisha hakuna aliyelichezea.

Na jitunzeni jamani. Wanaofanya kazi hii kila siku wanazima sauti kwanza, maana mara nyingi kinachomganda mtu kichwani ni ile sauti, wanapunguza ukubwa wa picha, wanatazama wawili wawili, hawatazami usiku kabla ya kulala. Kiongozi wa kituo atakayemwambia mwanafunzi "jikaze" baada ya kuona mtoto anauawa, huyo hafai kuongoza, aondolewe.

Sasa hapa ndipo pananiuma zaidi, naombeni mnivumilie.

Sisi watu wa vyuo tuna historia ya kuwatumia watu. Kabila la Havasupai, wenyeji wa bonde la Grand Canyon kule Marekani, walitoa damu yao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kuanzia mwaka 1990, kisukari kilikuwa kinawamaliza na wao wakaamini wanatafutiwa msaada. Mwaka 2003 mwanamke mmoja wa kabila hilo alialikwa chuoni kusikiliza mwanafunzi akitetea tasnifu yake, akasikia damu ya watu wake inazungumzwa kwenye mambo mengine kabisa, asili yao na walikotoka. Akanyoosha mkono akauliza kama ruhusa ilitolewa. Ilikuja kujulikana damu ile ilitumika hata kwenye utafiti wa magonjwa ya akili. Mwaka 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki, wakaichukua wakarudi nayo nyumbani. Walioifanya hawakuwa watesaji wenye marungu, walikuwa maprofesa wenye fomu za ruhusa zilizosainiwa.

Na mwaka 2017 Wasani, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, watu ambao wametafitiwa labda kuliko karibu jamii nyingine yoyote, walichoka wakaandika kanuni zao wenyewe za maadili kwa yeyote anayetaka kuwatafiti: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu wao. Ukitaka kuwatafiti unaanza kwao, wanakusikiliza, wanaamua. Mimi naona hati ile ina thamani kuliko kozi nyingi za maadili ya utafiti tulizofundishwa, maana imeandikwa na wale waliokuwa upande wa pili wa daftari.

Kwa hiyo kituo chenu kikienda kumhoji mtu aliyebakwa, aliyefukuzwa kwenye ardhi, aliyefiwa na mtoto mikononi mwa polisi, hadithi ile ni yake. Ana haki ya kusema ndiyo leo na kesho akasema hapana, futeni. Ana haki ya kujua jina lake litakaa wapi, nani ana nywila, na kompyuta ikiibiwa itakuwaje. Msimhoji mara ya pili kama shirika jingine lilishamhoji na maelezo yapo, ombeni maelezo yale kwa ridhaa yake, kumfanya mtu asimulie kubakwa kwake mara nne kwa watafiti wanne ni ukatili. Muulizeni kwa lugha anayoilia. Na matokeo yakishatoka yarudisheni kwake kwanza, kabla ya mkutano wa kimataifa na kabla ya jarida, mkae chini msome naye, na akisema hapa mmenielewa vibaya, mrekebishe. Nimeona ripoti nyingi nzuri sana ambazo wahusika wake hawajawahi kuziona mpaka leo.

Mkitaka kuonyesha mnamaanisha, wekeni viti viwili kwenye bodi ya kituo kwa watu walioumizwa, viti vyenye kura kamili, na wekeni fungu la bajeti la kurudisha matokeo kabla hamjaandika fungu la safari za mikutano. Mfadhili akikataa fungu hilo, mfadhili huyo hamumhitaji.

Mwisho nina neno kwa uongozi wa chuo, na nashukuru mmekuja na mmekaa mbele. Kazi hii ina hatari na wanaoifanya ni watoto wa watu. Pale El Salvador chuo kikuu cha Wajesuiti, shirika la mapadri wa Kikatoliki, kinachoitwa UCA, kilikuwa na taasisi ya haki za binadamu aliyoianzisha Segundo Montes mwaka 1985, na mwenzake Ignacio Martín-Baró, mwanasaikolojia, alikuwa anaongoza taasisi ya kukusanya maoni ya wananchi katikati ya vita, anawauliza watu wa kawaida wanaonaje wakati serikali ilishasema wananchi wanaonaje. Mkuu wa chuo, Ignacio Ellacuría, aliwalinda na kusema wazi kazi ile ni kazi ya chuo. Usiku wa kuamkia 16 Novemba 1989 wanajeshi waliingia chuoni wakawaua mapadri sita, hao watatu wakiwemo, pamoja na mama mpishi, Elba Ramos, na binti yake Celina. Ilichukua mpaka Septemba 2020 mahakama ya Hispania kumhukumu kanali mmoja wa zamani, Inocente Montano, miaka 133. Na ile taasisi ya haki za binadamu haikufungwa, iliendelea.

Sisemi hili kuwatisha vijana. Nalisema kwa sababu nataka tuliongee leo, hadharani, siku ambayo bado kuna keki na picha za pamoja. Wasomi wa Afrika walikutana Kampala Novemba 1990 wakatoa azimio la uhuru wa wasomi na wajibu wao kwa jamii, vyote viwili kwenye hati moja, na pale ndipo sisi tunaposimama. Wanafunzi wametimiza wajibu wao, wamejitolea. Kilichobaki ni ule uhuru, na huo hauko mikononi mwao, uko mikononi mwenu mliokaa hapo mbele.

Siku itafika, simu itapigwa kutoka juu kuulizia ripoti fulani na jina la mwanafunzi aliyeiandika. Nauliza kwa heshima zote, wazee wangu: simu hiyo atapokea nani, atajibu nini, na mwanafunzi yule ataendelea kuwa na chumba, mkopo na matokeo ya mitihani yake au hataendelea? Wakili atalipwa na nani? Naomba jibu lisisubiri barua wala kikao cha mwezi ujao. Maikrofoni naiacha hapa juu ya meza, mmoja wenu aje awajibu hawa vijana.